Miche ya migomba ya chupa imedumaa kwenye udongo uliochemshwa. Ni kukosa mikoriza?

kitalu_uru

Wakuu habari za kazi. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya udongo na mizizi.

Miche ya migomba ya chupa (iliyozalishwa maabara), aina ya Grand Naine, jumla 1,200. Ina wiki 9 tangu itoke kwenye chupa na wiki 6 tangu ihamie kwenye viriba vya lita 2. Mchanganyiko ni ndoo 2 za udongo mwekundu uliochimbwa chini kidogo (sentimita 30 na kushuka), ndoo 1 ya mchanga wa mto, ndoo 1 ya samadi ya ng'ombe iliyooza. Vyote vimepigwa mvuke kwenye pipa kwa saa 3, vikapoa usiku kucha, asubuhi vikajazwa kwenye viriba. Kila baada ya wiki 2 inamwagiwa kabendazimu kuzuia kuoza shina. Mbolea ni CAN (ya nitrojeni) peke yake.

Hali ilivyo: mche una sentimita 12, majani 4. Majani ni ya kijani kilichokolea sana, karibu na buluu. Yale ya chini yanaanza njano ukingoni, kisha ukingo unakauka kwa meno meno kama msumeno. Miche 40 iliyopandwa kwenye mchanganyiko uleule bila kuchemshwa ina sentimita 25 na majani 7, ila mitatu kati yake imeoza shina.

Maswali yangu: (1) Je, ni kweli kuchemsha kumeua kuvu za mizizi (mikoriza) na ndiyo sababu ya kudumaa? (2) Hizo kuvu zinaweza kuzalishwa kitaluni bila maabara? (3) Muuza pembejeo anasema trikoderma inatosha, ni kitu kimoja. Ni kweli?

mzee_wa_udongo

Mkuu, umeeleza vizuri kuliko wengi, kwa hiyo jibu linawezekana. Kukosa kuvu kumo, lakini hakuko peke yake. Hapo kuna mambo matatu yamepandana.

La kwanza ni fosforasi. Kijani kilichokolea kupita kiasi, mche uliosimama, na ukingo wa jani la chini kukauka kwa meno ya msumeno ni dalili ya mgomba unaokosa fosforasi. Udongo mwekundu una chuma na alumini nyingi, na hizo hushika fosforasi kama gundi. Ipo, lakini haitembei. Mzizi ukishakula iliyo milimita moja au mbili kuuzunguka, pale panabaki patupu, na fosforasi ya jirani haisogei kujaza nafasi kwa kasi inayotosha. Hapo ndipo kuvu inapofanya kazi. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele wa mzizi mara kadhaa, hupenya matundu ya udongo ambayo mzizi hauingii, na huvuka hilo eneo tupu kwa sentimita kadhaa. Ndani ya seli za mzizi hujenga vichaka vidogo, na hapo ndipo biashara inapofanyika: kuvu inatoa fosforasi na zinki, mmea unatoa sukari na mafuta. Mmea hulipa kati ya asilimia 4 na 20 ya sukari inayotengenezwa na majani, si bei ndogo. Kwa hiyo kama fosforasi ni tele, mmea wenyewe hupunguza mlango na kuvu hukosa nafasi.

Mche wa chupa hutoka maabara bila kuvu hata moja. Kama udongo nao umechemshwa, hakuna pa kuipata.

La pili ni mvuke wa saa 3. Huo ni mwingi mno. Ili kuua minyoo, vimelea vya kuoza na mbegu za magugu, udongo unahitaji nyuzi 80 hivi kwa dakika 30, basi. Ukizidisha kwenye udongo mwekundu, manganizi inafunguka kwa wingi na kuwa sumu. Vilevile bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti hufa wakati amonia kutoka kwenye samadi inaendelea kujikusanya, na mizizi michanga huungua. Ndiyo maana udongo uliochemshwa huachwa wiki 2 hadi 3 kabla ya kupanda, si usiku mmoja. Angalia majani ya chini: ukiona weusi unaofuata ukingo badala ya meno ya kahawia, manganizi imo pia.

La tatu ni kabendazimu. Hiyo ni sumu ya kuvu, haibagui. Hata kama spora (vijimbegu vya kuvu) chache zingeingia kwa vumbi au maji, umekuwa ukizipiga kila wiki 2. Kama tatizo la kuoza shina ni pithiamu (shina linalegea na kuwa la majimaji karibu na udongo), kabendazimu haisaidii hata kidogo, kwa kuwa pithiamu si kuvu halisi. Dawa zenye metalaksili ndizo zinazoilenga, na hizo haziiumizi mikoriza. Lakini mara nyingi tiba ni kupunguza maji na kufungua kivuli.

Nakushauri uthibitishe kabla ya kutumia hela. Chukua miche 10 uipe fosforasi ya maji, mingine 10 usiipe. Kama iliyopewa imetoa jani jipya pana ndani ya wiki 3, umejua.

trapkalcha

Naongezea swali la pili, maana ndilo lenye kazi.

Kitu kimoja kieleweke kwanza. Mikoriza ya migomba, mihogo, mahindi, kahawa, mikorosho na maharage haiwezi kukuzwa kwenye wali, pumba wala chupa ya molasi. Haiishi bila mzizi hai. Kwa hiyo kuizalisha maana yake ni kuotesha mmea mwenyeji kwenye udongo safi wenye mbegu kidogo ya kuvu, kuuacha mizizi yake ijae kuvu, kisha kuvuna udongo na mizizi pamoja. Hiyo ndiyo chanjo. Kazi ya miezi 4, hakuna njia ya mkato.

Chombo: ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini matundu 8 hadi 10, au sanduku la mbao lenye kina cha sentimita 30. Ziinue juu ya mawe au mbao, zisiguse ardhi.

Udongo wa kukuzia: mchanga wa mto sehemu 3, udongo mwekundu sehemu 1. Usiweke samadi, usiweke mbolea ya DAP, na hasa usiweke samadi ya kuku. Ukirutubisha, mtama utapendeza na kuvu haitakuwepo. Piga mvuke: maji lita 20 chini ya pipa, juu yake bati lenye matundu na gunia, udongo juu. Zika viazi viwili katikati. Viazi vikiiva, toa moto. Kisha udongo ukae wiki 2 umefunikwa.

Mbegu ya kuvu: chimba udongo wenye mizizi myembamba kwenye kina cha sentimita 5 hadi 20, chini ya nyasi za kudumu kama ukoka au matete, mahali ambapo hapajalimwa wala kuwekwa mbolea kwa miaka kadhaa. Kata mizizi vipande vya sentimita 1, changanya na udongo wake. Usichukue kwenye shamba la migomba, maana utabeba minyoo ya mizizi na mnyauko fuzari (ugonjwa unaoua migomba). Usichukue chini ya mapaini au mikaratusi ukidhani msitu ndio wenye kuvu. Kuvu za mapaini ni ukoo mwingine kabisa, zile zinazotoa uyoga juu ya ardhi, na hazina habari na mgomba. Kuvu tunazozitaka hazitoi uyoga unaoonekana.

Jaza ndoo hadi robo tatu, weka tabaka la mbegu ya kuvu la sentimita 2 (kwa ndoo ni kama lita 1.5), funika na sentimita 4 za udongo safi, kisha panda. Mtama ndio rahisi. Unaota haraka, una mizizi mingi myembamba na unavumilia njaa. Panda punje 15, bakiza miche 8. Kitunguu au nyasi nyingine pia vinafaa, ila vitunguu vinachelewa.

Maji: udongo uwe na unyevu, usiwe matope. Kuvu hizi zinahitaji hewa. Ndoo iliyotuama maji wiki moja inaoza mizizi na kazi yote imekwenda. Mtama ukigeuka njano yote kwa kukosa nitrojeni, mimina CAN gramu 5 kwenye maji lita 10, nusu lita kwa ndoo, kila wiki 2. Ukiona zambarau kwenye majani ya mtama katika wiki za mwanzo, ni njaa ya fosforasi, iache hivyo. Hiyo njaa ndiyo inayofanya mzizi uite kuvu. Kuanzia wiki ya 6 hivi zambarau ikianza kupotea bila wewe kuweka kitu, ni ishara nzuri.

Wiki ya 12 hadi 14 acha kumwagilia. Baada ya wiki moja kata mashina usawa wa udongo, acha wiki nyingine moja. Ukavu unasukuma kuvu kutengeneza spora. Kisha mwaga ndoo kwenye turubai kivulini, katakata mizizi vipande vya sentimita 1 hadi 2, changanya na udongo wake. Isikauke hadi kuwa vumbi kabisa. Ukiifumbata mkononi isishikamane, ila iwe na ubaridi kidogo. Hifadhi kwenye mfuko wa kitambaa au wa karatasi, mahali pa baridi na kivuli. Usifunge kwenye plastiki ikiwa mbichi, itavunda. Itumie ndani ya miezi 3, ukichelewa sana 6.

Duru ya kwanza huwa dhaifu. Iliyo bora ni ile unayopata ukitumia mavuno ya kwanza kama mbegu ya duru ya pili, kwa sababu hapo umeshachuja wadudu wengi na kubakiza kuvu zinazopenda kuishi hivyo.

kitalu_uru

Asanteni sana. Trapkalcha, kwa miche 1,200 inahitajika kiasi gani, na inawekwa wapi? Na hii iliyoko kitaluni sasa nifanyeje, maana haiwezi kusubiri miezi 4?

trapkalcha

Kipimo cha chanjo ya namna hii ni gramu 20 hadi 30 kwa mche. Chukua 25: miche 1,200 ni kilo 30. Ndoo ya lita 20 iliyojazwa vizuri hutoa kilo 22 hivi za mchanganyiko mkavu, kwa hiyo ndoo 2 zinatosha na kubaki. Tengeneza 3, moja huharibika daima.

Mahali ni muhimu kuliko kiasi. Chanjo iguse mzizi. Wakati wa kuhamisha kutoka trei kwenda kiriba, jaza kiriba nusu, toboa shimo, weka chanjo ndani ya shimo, kalisha mizizi juu yake, funika. Anayenyunyiza juu ya udongo baada ya kupanda anapoteza muda. Spora haina miguu. Ikiota na isipate mzizi karibu, akiba yake inaisha.

Na weka kabla, si baada ya kudumaa. Wiki 3 tangu mche utoke kwenye chupa ni wakati mzuri, kuna mizizi mipya myeupe laini. Mzizi uliokomaa na kuwa kahawia hauingiliki kirahisi.

Hii 1,200 ya sasa usiipe chanjo. Ilishe tu. TSP (mbolea ya fosforasi) gramu 20 kwenye lita 10 za maji, koroga, acha usiku kucha (tope litabaki chini, ni kawaida), kisha mililita 200 kwa kila kiriba. Hiyo ni gramu 0.4 ya mbolea kwa mche. Kwa yote unahitaji lita 240 za maji na karibu nusu kilo ya TSP. Rudia mara moja baada ya wiki 3. Acha kabendazimu. Ikifika shambani itakutana na kuvu za hapo na kuambukizwa yenyewe.

mzee_wa_udongo

Naunga mkono. Chanjo ina maana mahali ulipoua kuvu, na kitalu cha miche ya chupa ndipo hasa. Shamba la kawaida la mvua lenye mahindi na maharage lina kuvu zake tayari, na mara nyingi zimezoea udongo huo kuliko za kununua. Anayekuuzia mfuko wa kumwaga ekari nzima ya mahindi muulize maswali magumu.

Kuhusu kuchanganya mbolea kwenye viriba vya msimu ujao: kama pH iko chini ya 5.5, tumia unga wa fosfeti ya Minjingu, gramu 3 hadi 5 kwa kiriba cha lita 2, uchanganywe na udongo wote. Ukiwa na asidi, udongo huuyeyusha polepole, na kuvu huwahi kinachotoka kabla chuma na alumini havijakishika. DAP au TSP nyingi hufanya kinyume, mche unashiba na kuufunga mlango. Pia kuna mtego ambao wengi hawauoni. Ukimwaga fosforasi nyingi na kuvu ikapungua, zinki inakosekana, kwa sababu sehemu ya zinki ilikuwa inaletwa na kuvu. Jani jipya la mgomba linatoka jembamba lenye mistari myeupe au ya njano, na mtu anafikiri ni virusi.

kanda_ya_ziwa

Samahani naingilia kati, kuna hatari kwenye maelezo ya mtama.

Msichukue udongo wa kuanzia kwenye shamba lenye kiduha (striga, gugu linalonyonya mizizi ya mazao). Kuvu na kiduha huitika wito mmoja. Mzizi wa mtama au mahindi ukiwa na njaa ya fosforasi hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni. Kuvu ikizinusa inatawanya nyuzi kuelekea mzizini. Mbegu ya kiduha ikizinusa inaota na kujishikiza. Ilijulikana mwaka 2005 kwamba ndizo hizohizo zinazoita kuvu, wakati kwa kiduha zilikuwa zinajulikana tangu miaka ya 1960. Sasa ndoo yenye mtama na udongo maskini wa fosforasi ni kitalu kamili cha kiduha. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, huzioni, na ukisambaza chanjo hiyo kwa wakulima wa mahindi umewasambazia janga.

Kama eneo lenu lina kiduha, mmea mwenyeji uwe kitunguu au kunde. Kunde ziwe na uangalifu pia, zina kiduha chao. Kitunguu ndicho salama zaidi, hata kama kinachelewa wiki 3 au 4.

trapkalcha

Sahihi kabisa, nilipaswa kuliweka hilo mbele. Uru na Machame hakuna shida hiyo, lakini Shinyanga, Mwanza, Mara na upande wa Nyanza, fuata alivyosema.

lab_ya_jikoni

Jinsi ya kujua kama chanjo ina kuvu kweli. Kwa macho haiwezekani, mzizi wenye kuvu hizi hauna tofauti ya nje. Ila si lazima maabara kubwa. Hadubini ya shule ya sekondari inayokuza mara 100 na 400 inatosha.

Osha mizizi myembamba (chini ya milimita 1) ya mtama kutoka kwenye ndoo, gramu 1 tu, kata vipande vya sentimita 1. Chemsha kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, nyuzi 90, kwa dakika 10 hadi 15 kwa mtama. Mizizi ya mgomba inataka dakika 40 au zaidi, ina rangi nyingi. Lengo ni mzizi uwe wa kupenya mwanga. Vaa glavu na miwani, maji hayo yanakula ngozi na jicho, na usitumie sufuria ya alumini. Suuza mara 3 kwa maji yenye matone ya siki. Kisha chemsha dakika 3 kwenye siki nyeupe yenye wino wa kalamu asilimia 5, yaani mililita 5 za wino kwenye 95 za siki. Suuza tena kwa maji yenye siki kidogo, acha humo dakika 20 rangi ya ziada itoke.

Utakachoona: nyuzi za buluu zinakimbia kati ya seli, vifuko vya duara au yai (akiba ya mafuta), na ndani ya seli vichaka vyenye matawi mengi kama mti wa mbuyu uliopukutika majani. Vichaka ndio uthibitisho. Nyuzi zenye vikuta vya kugawanya kila baada ya nafasi fupi ni kuvu nyingine. Za mikoriza huwa hazina vikuta hivyo zikiwa changa.

Panga vipande sambamba kwenye kioo, hesabu mahali 100 ambapo mstari wa jicho la hadubini unakata mzizi, andika pangapi pana kuvu. Chanjo yenye chini ya 30 rudisha ndoo ikae zaidi. 50 na kuendelea ni nzuri. Hivyo viwango ni vya kazi za kitalu, si sheria.

Kosa kubwa hapa ni wino. Si kila wino unashika. Jaribu kwanza kwa mizizi ya mahindi ya shambani ya wiki 6 au 8 ambayo hakika ina kuvu. Usipoona kitu, tatizo ni wino au hukuchemsha vya kutosha, si mahindi.

Usiye na hadubini fanya jaribio la mimea. Viriba 10 vyenye chanjo, viriba 10 vyenye chanjo ileile ILIYOCHEMSHWA, vyote kwenye udongo safi. Wengi hulinganisha na viriba vitupu, na hapo wanadanganyika, kwa sababu chanjo yenyewe ina mizizi iliyooza yenye virutubisho.

agro_duka

Swali la 3 halijajibiwa. Trikoderma na mikoriza zote ni kuvu nzuri, wateja wananunua moja kwa ajili ya nyingine. Kuna ubaya?

mzee_wa_udongo

Ubaya ni kulipia kazi isiyofanyika. Trikoderma inaishi yenyewe kwenye mabaki yaliyooza. Unaweza kuiotesha kwenye wali uliochemshwa na ndani ya wiki moja ukawa na unga wa kijani. Kazi yake ni kushambulia kuvu nyingine na kugombania chakula nazo. Haina nyuzi zilizounganishwa na seli za mzizi za kuleta fosforasi kutoka mbali. Kwa kuoza shina kitaluni, kwa uangalizi, inaweza kusaidia. Kwa njaa ya fosforasi kwenye udongo mwekundu, usiitegemee.

Njia ya haraka ya kupima bidhaa dukani: soma kama wametaja jina la kuvu (mfano Rhizophagus irregularis, Funneliformis mosseae), idadi ya spora au vipande hai kwa gramu, tarehe ya kuisha, na namba ya usajili. Ikiwa imeandikwa mikoriza na maelekezo yanasema izidishe nyumbani kwenye molasi kabla ya kutumia, irudishe, aliyeandika hajui anachouza. Mradi wa COMPRO ulioanza mwaka 2009 ulipima bidhaa za namna hii Kenya, Ethiopia na Naijeria, na nyingi hazikuonyesha walichoandika kwenye lebo.

Ukitaka zote mbili, weka mikoriza wakati wa kuhamisha, trikoderma wiki 2 au 3 baadaye.

Na jambo moja ambalo lisichanganywe: hakuna kati ya hizo inayotibu mnyauko fuzari. Migomba ya kisukari iliyopandwa penye ugonjwa itakufa hata mizizi ikiwa imejaa mikoriza. Aina mpya ya ugonjwa huo, TR4, inaua Grand Naine pia, na ilithibitishwa Msumbiji mwaka 2013. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutobeba udongo wa migomba kutoka shamba hadi shamba kwa jina la chanjo.

mihogo_kilifi

Hamjambo ndugu zangu wa huko bara. Huku kwetu ni mihogo kwenye mchanga. Nimesikia muhogo ndio unaotegemea kuvu kuliko yote. Yafaa kuutia chanjo ukipanda vipande?

mzee_wa_udongo

Hatujambo. Ni kweli kuhusu kutegemea. Mizizi ya muhogo ni minene, michache, na ina nywele kidogo. Kwenye majaribio ya watafiti, muhogo uliooteshwa kwenye maji yenye virutubisho ulihitaji fosforasi nyingi kuliko mahindi, ilhali shambani unastahimili udongo ambao mahindi yanakataa. Walipochemsha udongo muhogo ukadumaa, walipourudishia kuvu ukasimama. Yaani ule ugumu tunaousifu wa muhogo, sehemu kubwa ni wa kuvu.

Lakini chanjo shambani haiwalipi wengi. Mizizi ya kipande kilichoota inakutana na kuvu za pale ndani ya wiki chache. Linda zilizopo tu. Kinachoziua ni kuacha shamba wazi bila mmea msimu mzima, udongo wa juu kuchukuliwa na maji, kuchoma mabaki juu ya ardhi, na kulima mara kwa mara hadi nyuzi zikatike. Kule Queensland, Australia, kuna tatizo linalojulikana la mashamba yaliyopumzishwa wazi zaidi ya mwaka: mazao yanayofuata yanadumaa kwa njaa ya fosforasi na zinki, udongo ukiwa na rutuba. Kilichopungua ni kuvu. Kati ya misimu panda kunde, zitazihifadhi.

mihogo_kilifi

Shukrani. Na shamba la pili lilikuwa la sukuma wiki na mchicha miaka miwili mfululizo, mwakani liwe la muhogo.

trapkalcha

Hapo pana la kuangalia. Ukoo wa kabichi, yaani sukuma wiki, kabichi, figili na haradali, haupokei kuvu hizi kabisa. Mchicha, spinachi na bitiruti nao ni hivyohivyo au karibu sana. Miaka miwili ya mboga hizo ni miaka miwili ya njaa kwa kuvu, isipokuwa zile zilizobaki kwenye magugu na nyasi za pembeni. Usipeleke muhogo moja kwa moja. Mvua fupi weka kunde au mahindi kwanza, mizizi ibaki ardhini ukivuna (kata, using'oe), usilime kwa kina. Muhogo upande mvua ndefu juu ya mizizi hiyo. Na kama mboga zilikuwa zinawekewa DAP kila mara, pima fosforasi kabla ya kununua mbolea. Muhogo unaridhika na miligramu 5 hadi 10 kwa kilo ya udongo kwa kipimo cha maabara kiitwacho Bray, na shamba la mboga lililotiwa DAP miaka miwili kwa kawaida lina zaidi ya hapo.

kitalu_uru

Nimeelewa. Carbendazim imesimamishwa leo, TSP imelowekwa. Swali dogo la mwisho kwa lab_ya_jikoni: kulinganisha viriba 10 kwa 10, nipime urefu au nini?

lab_ya_jikoni

Urefu unadanganya, mche wa kivulini unarefuka bila nguvu. Hesabu majani yaliyofunguka, pima mzunguko wa shina sentimita 2 juu ya udongo, na upana wa jani la tatu kutoka juu. Wiki ya 8 ng'oa mitano kila upande, osha, kausha juani hadi uzito usibadilike, pima majani na mizizi kila kimoja peke yake. Usishtuke mizizi ya wenye kuvu ikiwa michache kuliko uliotarajia huku majani yakiwa makubwa. Na changanya viriba kwenye mistari, usiweke 10 vyote upande wa lango na 10 upande wa ukuta, maana hapo utakuwa umepima jua.